Chumba cha Hewa Safi

Watu wengi wanadhani moshi kazi yake ni kupanda tu. Ukiwaambia kwamba moshi wa Mlima Meru unashuka, tena unashuka polepole kama mtu anayeijua njia ya kwao, wanakutazama kama umelewa. Mimi nimelipwa mshahara miaka kumi na mitatu kuutazama moshi, na kuna siku nadhani naujua kuliko ninavyowajua wanangu. Mchana, jua likiwaka, hewa inapanda mlimani na moshi unapanda nayo, unapita juu ya vichwa vyetu na kupotea. Jua likianza kuinama, mlima unapoa, hewa inakuwa nzito na kuteremka kwenye makorongo, na moshi wote unaofuka kwenye marundo ya matawi tunayochoma unateremka pamoja nayo. Unajaa bondeni. Unalala hapo mpaka kesho yake saa tatu, jua lipashe ardhi upya. Ndani ya bonde hilo, juu kidogo ya Olmotonyi, ndiko nilikoolewa.

Nafanya kazi kwenye shamba la miti. Tukishavuna misindano na saiprasi, ardhini yanabaki matawi, magome na vilele, vimelala ovyo mpaka kiunoni. Lazima vichomwe kabla miche mipya haijapandwa, la sivyo siku moja ya kiangazi mrina asali mmoja mzembe ataviwasha kwa bahati mbaya na mlima mzima utaungua. Kuwasha moto hakuhitaji akili. Kinachohitaji akili ni kuamua uwashwe siku gani, eneo la ukubwa gani, kwa upepo wa kutoka wapi, na uwe umezimwa saa ngapi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Asubuhi nawasha rundo dogo la majani mabichi pembeni, nakaa juu ya kisiki, natazama moshi wake unaelekea wapi, kisha nasema ndiyo au hapana. Wanaume wazima wenye mapanga na pampu za maji mgongoni wanasubiri neno langu. Sikatai, napenda wakisubiri.

Lakini niseme ukweli mapema, nisije nikaonekana mtakatifu. Moshi wetu hatukuupanga kwa ajili ya kila mtu. Meneja wangu aliogopa kitu kimoja tu, nacho ni simu kutoka mjini. Watu wa Njiro wakiona ukungu juu ya kuta zao wanapiga simu. Wenye hoteli wanapiga simu. Hata Lemara kuna mtu aliwahi kupiga simu kwa sababu ya mashuka aliyoyaanika. Huku kwetu juu hakuna aliyepiga simu, maana tungempigia nani? Kwa hiyo tulichoma siku ambazo upepo ulitoka upande wa mji kuja mlimani, na meneja alisimama barazani kwake akisema, "Leo upepo mzuri." Upepo mzuri maana yake moshi unaelekea nyumbani kwangu.

Huko kwetu alikuwepo baba mkwe. Aliishi peke yake chini kabisa ya bonde, kwenye nyumba yake ya mbao iliyokuwa na nafasi kati ya ubao na ubao za kupitisha kidole. Ujana wake wote aliumaliza kwenye kiwanda cha kupasua mbao, akivuta vumbi la msumeno bila hata kitambaa puani, na uzee ulipomkuta kifua kilikuwa kimeshakwisha. Alikuwa na pampu ya dawa ya kuvuta ambayo aliitembeza ndani ya shuka lake kama watu wa rika lake wanavyotembeza kikopo cha ugoro. Akipanda kile kilima kidogo kuja kwetu alisimama mara nne. Nilikuwa nazihesabu nikiwa dirishani, na sikuzihesabu kwa huruma.

Nilimchukia. Sina sababu ya kulizungusha jambo hilo. Kwa Waarusha, bibi harusi akifika kwenye boma la mume haingii. Anasimama getini, kichwa chini, na watu wanamwahidi mifugo mmoja baada ya mwingine mpaka moyo wake ulainike. Baba mkwe ndiye mwenye neno zito. Akimwahidi mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, basi tangu siku hiyo yeye na mke wa mwanawe wanaitana Paashe. Jina la mnyama linakuwa jina la udugu wao. Yeye anasema Paashe, na mke wa mwanawe anaitika Paashe, na mpaka mmoja azikwe hawaitani jina jingine. Mimi nilisimama getini tangu saa nane mpaka jua likawa jekundu. Yeye akatoka, akasema mbele ya watu wote, "Ingia. Mtamba wako yupo." Nikaingia.

Mtamba sikumwona. Mwaka wa kwanza alisema ng'ombe wamekonda. Mwaka wa pili nilizaa binti, akasema tusubiri. Mwaka wa nne nilizaa binti wa pili, akaacha hata kusema tusubiri. Mke wa shemeji yangu alikuja nyuma yangu kabisa, akazaa mvulana, na Jumapili ya ubatizo mtamba wangu akatolewa zizini akakabidhiwa yeye huku wanawake wakipiga vigelegele. Na mimi nilipiga. Tangu hapo nikawa nasikia ng'ambo ya migomba, kila asubuhi, sauti ya mzee ikisema "Paashe!" na sauti ya yule mwanamke ikiitika "Paashe!" kwa raha zote. Mimi aliniita "yule wa moshi". Aliwaambia wazee wenzake, nikisikia, kwamba mwanawe ameoa mwanamke anayelipwa kutazama hewa kwa sababu nyumbani hana cha kutazama. Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Miaka kumi na moja ni mingi sana kukaa bila kuitwa.

Sasa kuna jambo jingine ambalo lazima mlijue. Kwa mila hiyo hiyo, mzee haingii kwenye nyumba ambayo mke wa mwanawe yumo ndani. Nikitoka, nikasimama mbali nje, anaweza kuingia sebuleni akakaa na mwanawe. Nikiwemo, hata mvua ya mawe inyeshe, anabaki nje. Vijana siku hizi wanalipuuza, lakini yeye alilishika kama kucha zake. Mume wangu anaendesha watalii, wiki nzima yuko porini, kwa hiyo mara nyingi mzee alikuja, akasimama chini ya mparachichi, akauliza kwa sauti kama mwanawe karudi, nami nikajibu kutoka dirishani kwamba hajarudi, akaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Alikuja mtaalamu. Sijui nani alimtuma, nadhani malalamiko yalikuwa yameanza kuandikwa magazetini na wakubwa wakataka waonekane wanafanya kitu. Alikuwa mtu mpole mwenye viatu visafi. Alileta vifaa vya kupimia hewa, visanduku vyenye taa tatu, kijani, njano na nyekundu, na akatueleza kwenye mkutano wa kitongoji kwamba siku za kuchoma, watoto wachanga na watu wenye vifua vibovu wawe na mahali pa kukaa mpaka moshi uondoke. Alihitaji nyumba moja. Nyumba yenye dari, madirisha ya vioo yanayofunga vizuri, milango isiyo na nafasi. Angefunga humo feni yenye kichujio, na nyumba hiyo ingekuwa chumba cha hewa safi cha kitongoji kizima.

"Nani ana nyumba ya namna hiyo?" aliuliza.

Kila mtu alijua ni nani. Ilikuwa moja tu, yangu, tuliyoijenga kwa mshahara wangu na bahashishi za watalii, madirisha ya aluminiamu, dari nyeupe. Na kila mtu alijua ni nani mwenye kifua kibovu kuliko wote pale kitongojini. Alikuwa amekaa mbele, kidevu juu ya fimbo, pumzi zake zikisikika mpaka nyuma. Mtaalamu peke yake ndiye hakujua kwamba mtu huyo na nyumba hiyo haviendi pamoja. Wazee walitazama ardhi. Wanawake walirekebisha kanga zao.

Nikanyoosha mkono.

Mzee aligeuka akanitazama, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Nadhani alielewa kabla mtaalamu hajamaliza kunishukuru. Akasema, kama anaongea na fimbo yake, "Mimi nina blanketi langu." Watu wakacheka kidogo kwa kuona ameliokoa jambo. Mimi sikucheka. Nilikuwa naandika masharti.

Masharti niliyaandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri wa chuoni, yakabandikwa mlangoni. Mlango ufungwe saa zote. Anayeingia aingie mara moja, asitoke mpaka taa iwe ya kijani. Asivute mtu sigara. Asiwashe mtu jiko. Na sharti la tano, ambalo mtaalamu alilisifu sana: msimamizi wa chumba asitoke ndani muda wote wa moshi. Msimamizi nilikuwa mimi. Mtaalamu aliona ni uwajibikaji. Ukitaka kujua chuki yangu ilivyokuwa nadhifu, soma sharti la tano.

Msimu wa kwanza mzee alikaa kwake, shuka la maji usoni, na akapona. Nilimsikia akikohoa siku tatu, kisha akarudi zizini kwake akitukana ng'ombe kama kawaida. Nikaudhika kwamba amepona, na kuudhika huko kukanishtua kidogo, lakini hakukunishtua vya kutosha.

Msimu uliofuata ndio ninaousimulia.

Mjini kulikuwa na ugeni mkubwa wiki iliyokuwa inakuja, na meneja alitaka kila kitu kiwe kimechomwa kabla wageni hawajatua. Eneo lilikuwa kubwa, la kugawanywa mara tatu. Nilimwambia. Nilimwambia pia kwamba nataka moto wote uwe umezimwa saa tisa, kwa sababu kinachofuka baada ya hapo chote kinashuka. Akanijibu, "Mama, upepo unatoka wapi?" Nikasema unatoka mjini. "Basi choma." Nilikuwa na haki ya kukataa, jina langu ndilo linaloandikwa kwenye fomu. Nikasaini. Saa kumi na moja jioni marundo yalikuwa bado yana makaa ndani, wanaume wamechoka, maji yameisha kwenye matangi, na kule juu ya mji anga lilikuwa la bluu safi, la kupigia picha. Meneja alilipiga picha kweli.

Asubuhi nilipofungua pazia sikuuona mparachichi, na mparachichi uko hatua kumi na tano kutoka dirishani. Moshi ulikuwa wa kijivu wenye umanjano kidogo, mzito, umelala kimya. Kifaa cha nje kilikuwa chekundu. Nikawasha feni, nikalowesha taulo nikaziba chini ya milango, na saa kumi na mbili na nusu watu wakaanza kufika, kanga zenye maji usoni, mmoja mmoja wakichomoza kwenye moshi. Kina mama wanne na watoto wachanga. Mwalimu mstaafu mwenye pumu. Bibi mmoja jirani, mzee kuliko wote, ambaye nilimbeba ngazini. Niliwaandika kwenye daftari, nikafunga mlango. Baada ya muda taa ya ndani ikawa ya njano, kisha ya kijani. Watoto wakanyamaza. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Ndipo tukasikia kengele. Ile kengele ndogo ya bati wanayomvisha ng'ombe shingoni. Ilikuja ikisimama, ikija, ikisimama. Niliihesabu. Mara nne.

Nikaenda dirishani. Mzee alikuwa chini ya mparachichi, ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwepo mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, mnene, tumbo limeanza kushuka. Ana mimba. Alikuwa mzuri, Mungu ananiona, sikuwahi kuona mtamba mzuri kama yule zizini mwake. Shuka la mzee lilikuwa limelowa, limemng'ang'ania kifuani, na kifua kile kilikuwa kinapanda na kushuka haraka haraka bila kuingiza chochote. Alifungua mdomo, akafunga, akafungua tena.

"Paashe," akaita.

Sebuleni kila mtu alisikia. Sauti haikuwa kubwa, ilikuwa ya mtu aliyeweka akiba ya pumzi kwa ajili ya neno moja. Miaka kumi na moja nililingoja neno hilo. Nilikuwa nimeliwaza nikiwa nafua, nikiwa kisikini, nikiwa kwenye benchi la kanisa. Nililiwaza likiitwa mbele ya watu, na hawa hapa walikuwa watu. Ningejibu "Paashe", ningetoka kwa mlango wa jikoni, ningesimama kwenye migomba nimejifunika kanga, na yeye angeingia akakaa kwenye kochi la mwanawe mpaka saa tatu. Mlango wa jikoni ulikuwa na ukumbi mdogo na mlango wa pili. Moshi ambao ungeingia usingetosha hata kubadilisha taa. Hilo nalijua kitaalamu, na nililijua siku ile.

Bibi jirani akanishika gauni. "Yeyo, mama, umeitwa. Toka mwanangu, mzee aingie."

Nikamwonyesha karatasi mlangoni. "Siruhusiwi kutoka, bibi. Ni sharti."

"Sharti la nani?"

"La serikali."

Mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa anajua kusoma na alijua mwandiko wangu, alinitazama kwa muda. Kisha akatazama feni. Mama mmoja alimgeuza mtoto wake akampa titi jingine.

Nilirudi dirishani. Nilitaka aite mara ya pili. Huo ndio ukweli wote, hauna kitu kingine nyuma yake. Nilijiambia akiita tena natoka. Nilisimama mkono ukiwa kwenye pazia, nikingoja, kama nilivyosimamishwa getini kwao jua likizama. Hakuita. Alimfunga mtamba kwenye mparachichi, fundo zuri, akalivuta kuona kama limekaza. Akaja polepole mpaka ukutani, akageuza ndoo yangu ya kufulia, akakaa juu yake, mgongo ukiegemea ukuta wa sebule, chini ya dirisha nililosimama. Sikuweza kumwona tena, niliona ncha ya fimbo tu. Nilimsikia. Ukuta wa tofali moja hauzuii kikohozi. Kwanza kilikuwa kikohozi, baadaye kikawa kama mtu anayekokota kiti sakafuni, taratibu. Pampu yake ilipulizwa mara kadhaa, na mara ya mwisho ilitoa sauti kavu ya kopo tupu.

Iligonga saa moja. Ikagonga saa mbili. Nikapitisha daftari, watu wakasaini. Nikawagawia chai ya chupa, na bibi jirani akakataa ya kwake.

Saa tatu kasoro jua lilipenya, moshi ukaanza kunyanyuka kutoka ardhini, na taa ya nje ikashuka ikawa ya njano, kisha ya kijani. Nilifungua mlango kwa mujibu wa masharti. Mzee alikuwa bado amekaa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, lakini macho yalikuwa wazi. Niliinamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo baba." Kwa salamu hiyo nililikataa neno lake, kwa kuwa watu wa kuitana Paashe wana salamu yao. Hakuitikia. Shemeji alikuja mbio na pikipiki, wakamweka katikati, wakashuka naye hospitali.

Alikaa kitandani siku tisa. Mume wangu alirudi kutoka porini akapitiliza huko huko. Siku ya nane nilikwenda na mimi. Nilisimama mlangoni mwa wodi, maana hata hospitali mila haikulala, na kwa kuwa shemeji yangu alikuwa ndani akimpangusa miguu, nilisubiri atoke. Mzee alikuwa na mpira wa hewa puani. Hewa safi, ya mtungi. Nikasema neno lile, kwa sauti ambayo hata muuguzi aliyekuwa mwisho wa chumba alisikia.

"Paashe."

Alinisikia. Aliinua macho akanitazama, kwa mara ya pili katika maisha yetu. Kisha akageuza uso kuelekea ukutani, polepole sana, akiuvuta ule mpira nao ugeuke, na akabaki hivyo. Nilimwita mara ya pili. Yeye hakunipa nafasi hiyo mimi, lakini mimi nilimpa. Hakugeuka. Kesho yake alikufa.

Mume wangu aliniuliza swali moja tu baada ya mazishi, tukiwa tunakunja maturubai. "Siku ile ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa kazini," nikasema.

Aliendelea kukunja.

Kwenye fomu ya moshi kuna sehemu imeandikwa: walioathirika. Niliandika hakuna, kwa sababu mzee alifia hospitali, siku nyingi baada ya moto kuzimwa, na cheti chake kiliandika kifua cha siku nyingi. Meneja aliniandikia barua ya pongezi. Mtamba hakurudishwa. Shemeji alikuja kumwangalia, akazunguka mparachichi, akasema mzee aliacha neno kwamba ng'ombe ni wangu, alishamtoa mbele ya mashahidi. Amezaa, ndama jike, mwekundu kama mama yake. Namkamua mwenyewe asubuhi kabla ya kazi. Maziwa ni mengi na ni matamu, na wanangu wamenenepa.

Mwaka huu tumechoma tena. Nilisimamia kila kitu kwa haki. Niligawa eneo mara tatu, meneja akafoka, nikamwambia akitaka lote kwa mara moja asaini yeye. Moto ulizimwa saa tisa kasoro. Hata hivyo marundo hayana adabu, kitu kidogo kilibaki kinafuka, na asubuhi bonde lilikuwa limejaa. Niliwasha feni. Nililowesha taulo. Nilipanga viti na chupa tatu za chai, nikafungua daftari ukurasa mpya, na sharti la tano nilikuwa nimeshalibandua usiku wa kuamkia siku hiyo. Nikakaa.

Saa moja ilipita. Nikatoka barazani nikaita, kama kuna mtu amepotea njia. Nikasikia watoto wakikohoa ng'ambo ya migomba. Walikuwa kwa mke wa shemeji yangu, nyumba ya mbao, amebandika nailoni madirishani, wameshindiliana humo, kina mama wale wale na wengine. Bibi jirani alikuwa amebebwa kupelekwa huko. Mtoto mmoja alikohoa kwa ile sauti ya kiti kinachokokotwa. Niliita tena. Kikohozi kikazibwa na kiganja, na wote wakanyamaza mpaka nilipoingia ndani na kufunga mlango.

Nilikaa kwenye kochi mpaka saa tatu, peke yangu, taa ya kijani ikiwaka. Nje ng'ombe alikuwa anacheua.

Mchana nilipeleka fomu ofisini. Kwenye nafasi ya idadi ya waliohitaji chumba cha hewa safi niliandika sifuri. Meneja aliisoma amesimama, akatabasamu, akanipa mkono.

"Safi sana, mama. Umeona? Mwaka huu moshi haujamsumbua mtu."

Nikamwachia kalamu asaini.